Gmail imejifunga, laini ya zamani anayo mtu mwingine: njia ipi inafanya kazi kweli?

#1 Mwanasteshenari (Mbagala)
Wakuu, salaam. Wateja wanaletea steshenari tatizo hili kila wiki na majibu ya mtaani yanagongana, naomba wajuzi tulichambue. Kisa cha sasa: Gmail ya mwaka 2012, nenosiri limesahaulika. Namba ya kurejeshea akaunti ni laini ambayo haikusajiliwa kwa alama za vidole, ikazimwa, na sasa anaitumia mtu mwingine. Barua pepe ya akiba ni ya Yahoo ambayo haijaguswa miaka mingi. Ukurasa wa kurejesha akaunti unaonyesha vidoa na tarakimu mbili za mwisho za namba, 47 basi. Ukibonyeza "Jaribu njia nyingine" unazungushwa, mwisho unaambiwa Google haikuweza kuthibitisha kuwa akaunti ni yako. Ndani kuna skani za hati ya kiwanja na vyeti vya shule.

Maswali mawili. Njia ipi inaleta matokeo? Na kwa nini wapo wanaokumbuka hadi nenosiri lakini bado wanakataliwa?

#2 Chumvi ya Tanga
Natega sikio hapa.

#3 KitasaNaUfunguo
Mleta mada, kwanza ondoa dhana kwamba kuna mtu wa kumbembeleza. Akaunti ya bure ya Gmail haina dirisha wala namba ya simu ya kurudishia akaunti. Anayeamua ni mfumo, na mfumo unapima ushahidi. Namba ya simu ni ushahidi mmoja tu kati ya mingi.

Ushahidi mzito uliobaki ni kifaa, kivinjari na mahali. Mteja akae pale alipozoea kufungulia akaunti hiyo, ashike simu au kompyuta aliyoitumia, afungue kivinjari kilekile. Kama alikuwa anatumia Chrome ya kompyuta ya ofisini, aende ofisini. Aingie g.co/recover, aandike anwani, na akiulizwa nenosiri la mwisho analolikumbuka aandike lolote la zamani alilowahi kulitumia kwenye akaunti hiyo. Asiruke swali. Kukisia karibu na ukweli kunasaidia kuliko kuacha wazi.

Na hapa ndipo steshenari zinapoharibu, niwe mkweli. Kompyuta ya steshenari haijawahi kuiona akaunti hiyo, na wateja wengi wanajaribia hapohapo. Mfumo unaona mashine ngeni inabisha hodi kwenye akaunti za watu tofauti kutwa nzima. Ungekuwa wewe mlinzi ungefungua?

#4 Mwanasteshenari (Mbagala)
#3 hiyo ya mashine ngeni imeniingia. Kwa hiyo wateja niwarudishe nyumbani?

#5 KitasaNaUfunguo
Ndiyo. Waandikie hatua kwenye karatasi, wakafanyie kwenye simu zao. Bado unaweza kuwatoza ushauri.

#6 BiHafsa
Nakubaliana na #3 nusu. Mahali watu wanapatia uzito kuliko unavyostahili. Ukiwa kwenye data ya simu, anwani ya IP (namba ya mtandaoni ya muunganisho wako) unayoonekana nayo mnagawana na wateja wengine wengi wa mtandao huohuo, na leo inaweza kuonekana iko Dar wakati wewe uko Singida. Kwa watu wa data ya simu "mahali" ni ushahidi mwepesi sana. Kinachobeba ni kifaa chenyewe na vidakuzi (cookies, alama ambazo tovuti inaziacha ili ikutambue) vilivyomo ndani ya kivinjari. Ndiyo maana mteja akiambiwa na mtu "kwanza safisha historia na vidakuzi ujaribu upya" ampuuze kabisa. Unafuta kitambulisho chako mwenyewe ndipo unaanza kujieleza wewe ni nani.

Sababu nyingine ya kukataliwa ni wingi wa majaribio. Ukibisha mfululizo, mfumo unakuziba hata majibu yakiwa sahihi. Acha ipumue siku kadhaa.

#7 Mzee wa Seva
Swali la pili la mleta mada bado halijajibiwa. Anayekumbuka nenosiri na bado anakataliwa, mara nyingi akaunti yake ina uthibitishaji wa hatua mbili. Nenosiri ni hatua ya kwanza, ya pili imebaki kwenye laini iliyopotea. Google wamekuwa wakiwawekea watu hatua hiyo wenyewe tangu 2021, wengi hata hawakumbuki kuikubali. Si suala la kifaa wala vidakuzi hapo.

Mtu wa namna hii atafute namba mbadala za kuingilia. Huwa ni kumi, kila moja tarakimu nane, na ukishaitumia moja imekufa. Watu walizipakua wakasahau. Tafuteni kwenye folda ya vipakuliwa faili lenye maneno "backup codes", au picha ya skrini ya siku alipowasha hatua mbili.

#8 BiHafsa
#7 sawa, lakini wapo wasio na hatua mbili kabisa na bado wanaombwa uthibitisho kwa sababu kifaa ni kigeni. Hao maelezo yako hayawagusi.

#9 Mzee wa Seva
Hao ni wako. Mimi nasemea wangu.

#10 Fundi Kariakoo
Wakuu mnazunguka mbali. Swali la kwanza kumuuliza mteja ni hili: simu yako ya zamani iko wapi? Si laini, SIMU. Ile iliyopasuka kioo ikatupwa kabatini. Kama akaunti bado imo ndani yake, hiyo ina thamani kuliko namba.

Tachi imekufa lakini kioo kinaonyesha? Chukua waya wa OTG (wa kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu), chomeka kipanya cha kompyuta, mshale unatokea kwenye kioo na unafungua simu kama kawaida. Kioo chote kimekufa? Badilisha kioo, hata cha bei rahisi, kazi ni ya nusu saa. Betri imevimba? Usiichaji, weka nyingine.

Ikiwaka iunganishe Wi-Fi, na uangalie tarehe kwanza. Simu iliyolala muda mrefu inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na tarehe ikiwa mbovu miunganisho salama inakataa, utadhani intaneti haifanyi kazi. Halafu: Mipangilio, Google, Dhibiti Akaunti yako ya Google, Usalama, Nenosiri, kisha "Umesahau nenosiri?". Mara nyingi hapo inakuomba ufungue kwa patani au PIN ya simu ileile, na inakupa kuweka nenosiri jipya. Au ukianza kurejesha kwenye kompyuta, simu ya zamani inaletewa ujumbe wa kuuliza kama ni wewe, unabonyeza Ndiyo.

Kosa kubwa kuliko yote ni KUFLESHI simu hiyo. Ukifleshi umefuta kifaa pekee kilichokuwa kinakutambua. Na kuanzia Android 5.1 simu nyingi zikifutwa kwa vitufe zinaomba akaunti ileile iliyokuwemo kabla hazijafunguka. Umepoteza akaunti na simu kwa mpigo.

#11 Chumvi ya Tanga
#10 hapo kwa OTG na kipanya umenifungua macho. Shukrani.

#12 Nyota wa Pwani (Mombasa)
Naongezea #10. Hata kama nenosiri limekataa kabisa, maadamu akaunti imo ndani ya simu, toa unachoweza kabla hujachezea chochote. Majina ya simu yanatoka bila nenosiri: fungua programu ya Anwani, chagua kuhamisha, litatoka faili la .vcf, lihifadhi kwenye memori kadi. Barua muhimu fungua moja moja uhifadhi viambatisho. Hizo skani za kiwanja zitoke leo, vita vya nenosiri viendelee kesho.

Pia angalia manenosiri yaliyohifadhiwa. Kwenye Chrome ya kompyuta ya zamani ingia Mipangilio, sehemu ya manenosiri, tafuta accounts.google.com. Watu wengi nenosiri walilolisahau limekaa pale, linafunguka kwa PIN ya kompyuta.

#13 Dada Mkweli
Mbona hakuna anayezungumzia kurudisha laini yenyewe? Laini zilizimwa 31 Desemba 2019. Aende duka la Tigo aombe namba yake.

#14 Mzee wa Seva
#13 masahihisho mawili. 31 Desemba 2019 ilikuwa tarehe ya awali, ikasogezwa, kuzima kukaanza 20 Januari 2020. Na Tigo ilibadili jina mwishoni mwa 2024, siku hizi ni Yas. Dada umelala uzi wa zamani.

#15 Dada Mkweli
Jina limebadilika, duka ni lilelile 😄 Hoja yangu iko palepale.

#16 Wakala Mjengwa
Hoja ya #13 ina mguu mmoja wa kusimamia, ngoja niupange. Kuna hali tatu tofauti na watu wanazichanganya.

Laini imepotea lakini bado imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Hii ni rahisi. Piga *106# ufuate menyu, utaona namba zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ikiwemo, nenda duka la kampuni na namba ya NIDA, unaweka kidole, unapewa kadi mpya yenye namba ileile. Baada ya hapo ujumbe wa Google unaoanza na G- unaingia kama kawaida.

Laini imezimwa kwa kutotumika na bado haijagawiwa mtu. Hapa omba mapema. Kila kampuni ina muda wake wa kuirudisha namba sokoni, na ukishapita unapanga foleni na wageni.

Laini ina mtu mwingine aliyeisajili kwa kidole chake. Hapo kampuni haiwezi kumnyang'anya. Kisa cha mleta mada ndiyo hiki.

Na usiangalie tarakimu za mwanzo ukadhani umejua mtandao. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo 071 inaweza kuwa inakaa kwa jirani.

#17 Kijana wa Ilala
Kama laini anayo mtu mwingine, si mteja ampigie tu amsomee msimbo? Dakika moja imeisha.

#18 BiHafsa
#17 usimfundishe mtu hivyo. Sentensi "nimekosea nimetuma namba kwako, nisomee" ndiyo wanayoitumia matapeli kila siku. Mwenye laini akikataa yuko sahihi kabisa. Na akikubali amejizoesha kitu ambacho wiki ijayo kitamliza yeye.

#19 Wakala Mjengwa
Kwa mtazamo wangu inawezekana kama mnakutana uso kwa uso, dukani, kila mmoja na kitambulisho chake, na msimbo anauandika mwenyewe mwenye laini. Kwa simu, hapana.

#20 BiHafsa
Hata uso kwa uso mimi sikubali. Ila geuza upande wa pili muone hatari: huyo mwenye laini mpya anaweza kuomba kurejesha akaunti YAKO, na msimbo ukaenda kwake. Kwa hiyo ukifanikiwa kuingia, kazi ya kwanza ni kuondoa namba ya zamani. Na msilale: baada ya kubadilisha, Google wanaweza kuendelea kukubali namba ya zamani kwa hadi siku 7. Utaratibu huo umewekwa kumwokoa aliyeibiwa akaunti, kwako unakuwa mwiba. Wiki hiyo kagua kila siku orodha ya vifaa vilivyoingia.

#21 Mkufunzi Morogoro
Kabla ya kuhangaika na njia yoyote, hakikisheni akaunti bado ipo. Google walitangaza Mei 2023 kuwa akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na kufuta kukaanza Desemba 2023.

Kupima ni rahisi. Tuma barua kwenye anwani hiyo ukitumia akaunti nyingine. Ikirudi na 550 5.1.1, anwani haipo. Ikirudi na 550 5.2.1, ipo lakini imefungwa. Ikirudi na 5.2.2, ipo ila nafasi ya GB 15 imejaa. Isiporudi kabisa, barua imeingia na akaunti iko hai. Kipimo hiki hakihitaji nenosiri wala laini.

#22 KitasaNaUfunguo
#21 hiki kipimo kingekuwa #1. Naongezea: jina la Gmail likifutwa halipewi mtu mwingine. Kwa hiyo anayekuuzia "nitakusajilia upya jina lako lilelile" anakudanganya.

#23 Mwanasteshenari (Mbagala)
Nimetuma barua ya majaribio, haikurudi. Akaunti iko hai. Sasa Yahoo je? Ile ya akiba.

#24 Nyota wa Pwani (Mombasa)
Yahoo ni tofauti. Isipofunguliwa miezi 12 wanaweza kuifunga na kufuta barua zote, na majina yaliyoachwa waliwahi kuyagawa upya mwaka 2013. Ajaribu kuingia kwanza. Ikisema anwani haipo, ajaribu kuisajili upya. Likikubali, msimbo wa Google unaotumwa huko utamfikia.

#25 Mzee wa Seva
Nina shaka na hiyo. Watoa huduma wa barua wanajua majina yanagawiwa upya, na msimbo wa barua ya akiba pekee kwenye kifaa kigeni mara nyingi hautoshi. Ajaribu, ila akiwa kwenye kifaa alichozoea.

Hatari kubwa zaidi ni barua ya akiba ya kampuni iliyokufa. Jina la kikoa (lile linalofuata alama ya @) kama la .co.tz likiisha muda bila kulipiwa, mtu yeyote anaweza kulinunua, akaunda sanduku lenye anwani yako ya zamani na kupokea misimbo yako. Aliyeweka barua ya kazini kama akiba aiondoe siku anayoacha kazi.

#26 Bint Unguja (Maskati)
Assalaam alaykum. Sisi tulioko Omani tuna shida pacha. Laini ya nyumbani haipokei ujumbe huku, akaunti ilizoea Unguja, na ukijaribu kuingia ukiwa Maskati inakataa. Wengine wanashauri VPN ya Tanzania (programu ya kukufanya uonekane uko huko). Ni sahihi?

#27 KitasaNaUfunguo
Wa alaykum salaam. VPN inazidisha ubaya, dada. Anwani nyingi za VPN zinajulikana na zimeshatumiwa na wezi. Kama kuna kompyuta au simu nyumbani Unguja iliyowahi kufungua akaunti hiyo, ndugu unayemwamini aanzishe zoezi hapo huku mkiwa mmepigiana video, nenosiri ukiandika mwenyewe baadaye. Kama kadi ya laini iko huko, awe nayo mkononi. Msimbo una muda mfupi, mpange saa kabla hamjaanza.

#28 BiHafsa
Au kama simu uliyokuja nayo Maskati ndiyo uliyoitumia Unguja, hiyohiyo inatosha bila ndugu. Kifaa kwanza, mahali baadaye. Bado nashikilia #6.

#29 KitasaNaUfunguo
Na mimi nashikilia #3. Wi-Fi ya nyumbani iliyotumika miaka mitano si sawa na data ya simu.

#30 Kijana wa Ilala
Ukurasa wa Google uliniomba "barua pepe tunayoweza kukupata". Hiyo ni ya akiba?

#31 Mkufunzi Morogoro
Siyo, na hapa wengi wanajikwaa. Hiyo ni anwani yoyote unayoweza kuifungua sasa hivi, hata ya ndugu. Wanatuma msimbo kuhakikisha unaipata, wanakagua maombi, na jibu linakuja huko. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku kadhaa. Katika muda huo usianzishe ombi jingine. Na andika anwani ambayo utaendelea kuwa nayo, watu wanaandika ya rafiki kisha wanagombana.

Halafu kama akaunti ni ya chuo au kampuni, ukurasa huu hautakusaidia. Msimamizi wa TEHAMA wa taasisi anakubadilishia nenosiri kwenye jopo lake, mara moja.

#32 Dada Mkweli
WhatsApp nayo inafuata sheria hizi? Laini hiyohiyo ina WhatsApp ya watu.

#33 Wakala Mjengwa
WhatsApp inafuata zaidi namba ya simu, si kifaa. Ukisahau PIN yake ya tarakimu sita ya hatua mbili na hukuweka barua pepe, unasubiri siku 7. Kama simu yako bado ina WhatsApp ya namba ya zamani, itaendelea kufanya kazi mpaka mwenye laini mpya ajisajili. Kwa hiyo hamisha namba sasa, ndani ya Mipangilio, Akaunti, Badilisha nambari. Namba ya zamani si lazima iweze kupokea ujumbe, mpya ndiyo inapokea msimbo.

#34 Chumvi ya Tanga
Kuna jamaa wananifuata huku pembeni baada ya kuchangia uzi huu, wanasema wana mtu ndani ya Google, elfu thelathini akaunti inarudi.

#35 Mzee wa Seva
Matapeli. Hakuna mtu ndani. Watachukua pesa kisha watakuomba msimbo, na wewe utakuwa umewapa akaunti. Namba iliyokutumia ujumbe wa utapeli kwa simu ipeleke 15040. Na anayekubali "kudukuliwa" akaunti hata kama ni yake ajue kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, huyo fundi akigusa akaunti ya mwingine kwa laini yako utaitwa wewe.

#36 Mwanasteshenari (Mbagala)
Mteja ameipata simu yake ya zamani kwa mama yake Kilosa. Inawaka, kioo kina mstari mweusi upande wa kulia, na patani anaikumbuka. Android yake ni 6. Itakubali?

#37 Fundi Kariakoo
Itakubali. Zilizokataliwa kuingia ni 2.3.7 kushuka chini, tangu Septemba 2021. Ila akaunti ikiwa tayari imo, ASIITOE ili aiweke upya. Atakayegusa "Ondoa akaunti" ameharibu kila kitu. Mstari mweusi ukifunika kitufe, geuza simu ilale, vitufe vinahama upande.

#38 BiHafsa
Na aisubirishe hapohapo Kilosa, afanyie zoezi kwenye hiyo simu asiisafirishe kwanza. Hapo nimempa #29 ushindi kidogo.

#39 Fundi Kariakoo
Akishapata nenosiri jipya asiifute simu hiyo siku hiyohiyo. Asubiri saa 24 kwanza, la sivyo ulinzi wa Android unaweza kumkatalia kuingia na nenosiri alilolibadilisha sasa hivi.

#40 Mkufunzi Morogoro
Kabla hajaizima, achapishe namba kumi mbadala. Akichapisha seti mpya ya zamani inakufa, kwa hiyo kama kuna karatasi ya zamani ndani ya Biblia au Msahafu aichane asije akachanganya.

#41 Mwanasteshenari (Mbagala)
Printa ipo tayari. Nampigia sasa hivi asiguse "Ondoa akaunti".